Nilivyopeleka Jiwe Got Rateng'

Nyinyi wamama wa ushirika wa Jumatano, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kisimani, na mmoja wenu, simtaji, ameniuliza nikiwa chooni na mlango umefungwa. "Ulienda kufanya nini huko? Na mbona umerudi umenuna?" Sasa nimechukua daftari la mjukuu wangu lililobaki karatasi, naandika mara moja tu, msomeane. Nilisoma hadi darasa la nne. Nikikosea herufi, nyamazeni. Nikikosea ukweli, semeni, maana safari yenyewe ilikuwa ya ukweli.

Uriri hadi Rongo, na askari wa kizuizini

Mnamjua Atieno, mjukuu wangu wa darasa la saba, yule mrefu. Nilimpa jina la mama yangu mzazi. Muhula uliopita shule yao ilipelekwa kutembea Got Rateng', mlima nilikozaliwa, kule Homa Bay ukishapita Mbita. Siku hizi juu yake kuna hoteli ya watalii. Kabla hajaenda nilimwambia, "Utaona mwamba mkubwa wenye mashimo marefu kama mitumbwi midogo. Hayo mashimo yamechimbwa na bibi zako kwa kusaga wimbi. La tatu kutoka kwenye mtini ulio kando ni la mama yangu. Uweke mkono ndani yake."

Alirudi bila kunisalimu vizuri. Akanitupia mapajani karatasi ya rangi waliyopewa hotelini, ya Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili huku analia. Ati huo ni Mwamba wa Kiapo. Ati mashujaa walipiga magoti hapo kabla ya vita, wakanoa mikuki yao hadi mwamba ukaingia ndani. Ati tangu dunia iumbwe, mwanamke hajawahi kuukanyaga.

"Dani," akaniambia, na nyinyi mnajua kwetu dani ni bibi, "nilimwambia mwalimu ni shimo la mama yako wewe. Darasa lote wamenicheka hadi tumefika nyumbani. Kwa nini ulinidanganya?"

Mtu ameshaniita mkali, ni kweli. Mtu ameshaniita mchoyo, nilimsamehe, akafa. Lakini mwongo! Na aliyeniita hivyo si mtu hata, ni karatasi!

Sikulala vizuri wiki nzima. Mwisho nikatoa uvunguni jiwe langu. Kwetu jiwe la kusagia lina mama na mtoto. Mama ni ule mwamba, haendi popote. Mtoto ndiye unayemshika kwa mikono miwili na kumsukuma. Nilipoolewa huku Uriri, mama yangu alinipa mtoto wa jiwe lake mwenyewe, akasema niende nimtafutie mama mwingine; sikumpata kamwe. Huyo mtoto ameliwa upande mmoja kwa miaka, mpaka amekuwa na umbo la lile shimo lake na si la shimo lingine. Nikasema huyu ndiye shahidi wangu. Karatasi iongee na yeye.

Nikamfunga kwa leso, nikamtia kikapuni. Nikapata nafasi mbele ya pikapu ya muuza kuku. Kabla ya Rongo, kizuizi. Askari mmoja mnene, fimbo mkononi, akaninyooshea kidole.

"Mama, kikapu kina nini?"

"Jiwe."

"Jiwe gani hiyo inafungwa kwa leso kama mtoto? Hiyo ni bangi ya mpakani. Shuka."

Nikashuka. Akafungua leso. Akaligeuza jiwe, akaligonga, akalinusa, yawa, mtu mzima na bunduki ananusa jiwe!

"Unapeleka wapi?"

"Homa Bay, hadi Got Rateng'."

"Huko mlimani hakuna mawe?"

"Yapo. Huyu anaenda kumwona mama yake."

Wenzake wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Yule mnene akaona aibu, akawa mkali. "Basi toa kitu kidogo ya chai."

Nikamwambia, "Chai sina, mwanangu, lakini nina jiwe. Lete wimbi nikusagie uji, naona mkeo hajakupikia ndio maana unaomba barabarani." Muuza kuku alinivuta mkono tuondoke kabla sijamaliza. Nilikuwa bado na mengi.

Homa Bay, siku mbili bila safari

Barabara ya kwenda Mbita ilikuwa imekatwa na mvua, basi ilinibidi nipande boti. Nikafika gatini Homa Bay na sikuliona ziwa. Nasema ukweli. Mahali pa maji palikuwa shamba la kijani na maua ya zambarau, lile gugu la majini lililoingia miaka hii. Boti zimekaa juu yake kama ng'ombe waliozama kwenye tope. Vijana wanalikata kwa panga, upepo unarudisha lote.

"Upepo ukigeuka tunaenda," aliniambia nahodha wa boti ya Mbita.

"Utageuka lini?"

"Muulize yeye."

Siku mbili. Aliyenihifadhi ni mama mmoja mkaanga samaki hapo gatini, wanamwita Nyar Karachuonyo kwa vile ametoka Karachuonyo. Alinipa mkeka na chakula. Na chakula chenyewe niwaambie kilikuwa nini: mgongo wazi. Ni mfupa wa mbuta wenye kichwa na mkia, katikati hakuna nyama, unaona hadi upande wa pili. Nyama imekatwa kiwandani ikapanda ndege kwenda Ulaya.

"Nyar Karachuonyo," nikamwambia, "mimi nimezaliwa kando ya hili ziwa. Sijawahi kula samaki aliyeliwa na mtu mwingine kwanza."

"Nyonya kichwa, mama. Kwa kichwa wamesahau kidogo."

Nilinyonya kichwa, na hasira yangu ikaongezeka ladha.

Siku ya tatu asubuhi upepo ukageuka. Nahodha akaniona nikiinua kikapu kwa mikono miwili, akauliza kuna nini. Nikamwambia bila kuficha. Akarudi nyuma.

"Hiyo jiwe haingii kwa boti yangu. Mama mzee, peke yake, na jiwe amevalisha nguo? Sisi tuna watoto nyumbani."

Abiria wakaanza kunitazama. Mama mmoja akamficha mtoto wake mbali nami. Yaani mimi, mweka hazina wa wamama wa kanisa, nimegeuzwa mchawi mbele ya watu kwa ajili ya kifaa cha uji!

Nyar Karachuonyo ndiye aliyeniokoa. Alikuja na mwiko wake unadondosha mafuta. "We nahodha, jana umepakia simenti mpaka boti ikakaribia kunywa maji. Simenti si jiwe? Au ni jiwe la mwanamke tu ndilo linazamisha?"

Watu wakacheka. Nahodha akakubali, kwa sharti nilipakate jiwe njia yote. "Tukizama," akasema, "uwe wa kwanza." Nikampakata. Tulifika Mbita magoti yangu yamekufa ganzi, na yule mama aliyemficha mtoto wake akiwa amelala begani kwangu anakoroma.

Mbita hadi Got Rateng', kwa miguu

Kutoka Mbita nilitembea. Saa sita za kutembea kwa miguu ya mzee, nikipumzika. Karibu na mlima lori la hoteli likanipita, limebeba maji ya chupa. Nikasimama nikalitazama likipanda. Wamama, huo mlima una chemchemi ambayo haijakauka tangu babu yangu! Sasa unabebewa maji kama mgonjwa.

Wacha niwaambie huo mji ulivyokuwa mji, kwa sababu karatasi yao imeandika mwanzo wake kutoka katikati. Wanasema mlima ulikuwa mtupu mpaka mzungu wa kwanza alipofika na hema. Mtupu! Kulikuwa na boma saba, na la baba yangu lilikuwa la tatu. Mzungu huyo alikuja mimi nikiwa nimeshaolewa Uriri, akitafuta baridi na samaki. Baba akampa mahali pa kuweka hema kwa sababu mgeni hanyimwi mahali pa kulala. Mwaka uliofuata akarudi na wenzake. Halafu hema likawa nyumba, nyumba ikawa nyumba kumi, na malisho ya ng'ombe wetu yakawa uwanja wa ndege ndogo.

Ndipo kituo cha Rateng' kikaota kando ya lango la hoteli, duka moja, posho mill ya kusaga unga, kanisa, baa. Siku ya soko ilikuwa Jumanne tangu zamani; wakaihamisha Jumamosi kwa sababu ndege huleta wageni Ijumaa. Mungu aliumba siku, hoteli ikazipanga upya.

Na nyumba! Nilipoingia kituoni nilidhani nimerudi utotoni, kila paa la kando ya barabara ni nyasi. Nikafurahi kidogo. Nikainama kuingia kwa wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, tunamwita Min Ochieng', yaani mama Ochieng'. Nikatazama juu. Ndani ni mabati.

"Ni nini hii?" nikamuuliza.

"Hoteli haitaki wageni waone mabati," akasema. "Inaharibu picha. Wanatupa sukari kila mwezi tukiweka nyasi juu."

"Mmenunua mabati, halafu mkayaficha?"

"Mvua haidanganyiki, wifi yangu. Mzungu ndiye hudanganyika."

Akanipikia kuku. Nilipomweleza safari yangu ni ya nini, mkono wake ulisimama kwenye sufuria. Nilidhani ni huruma. Aliniambia tu kwamba ule mwamba umezungushiwa seng'enge miaka mingi, kwamba zamani hata baada ya posho mill kuja wanawake walikuwa bado wanapanda kusaga wimbi la mzazi, maana wimbi la mashine lina ladha ya dizeli, na mama aliyejifungua hanywi dizeli. Sasa hata hilo hakuna. Halafu akasema, "Anayewapeleka wageni mwambani ni Ochieng'."

"Ochieng' gani?"

"Wako. Mtoto wetu."

Mwana wa kaka yangu. Mjukuu wa mama yangu. Huyo ndiye mdomo wa ile karatasi! Kuku alinishinda.

Juu ya mwamba

Asubuhi mlinzi alinikataza langoni. Nikapitia nyuma na wanawake wanaofua mashuka. Hakuna anayemtazama bibi kizee akiwa na kikapu pamoja na wafuaji. Nikaufikia mwamba. Seng'enge imefunguliwa kwa ajili ya wageni, wazungu kama kumi na kofia zao, na mbele yao Ochieng', amevaa ngozi ya mbuzi begani na viatu vya mpira miguuni, ameshika mkuki. Mtoto niliyemfunga nepi! Anasema Kiingereza kwa sauti ya radi, anapiga goti kwenye shimo la mama yangu.

"Ochieng'!"

Akageuka. Mkuki ukashuka. "Waya?" Ndivyo wanavyomwita dada ya baba. "Waya, umetoka wapi?"

"Toa goti lako kwenye chombo cha bibi yako."

Nikavua viatu, nikapanda, nikapiga magoti. Nikafungua leso. Nikamweka mtoto wa jiwe ndani ya shimo la tatu kutoka kwenye mtini. Akaingia. Hakutikisika huku wala huku. Nilikuwa na wimbi kwenye fundo la leso, nikamimina, nikaanza kusaga. Ile sauti ikatoka. Miaka hamsini karibu sijaisikia. Kwa dakika moja nilisahau nimekuja kugombana.

Halafu nikamwambia, "Sasa waambie. Waambie hapa bibi yako alisaga, na bibi wa bibi yako. Waambie hakuna mkuki hapa."

Ochieng' akawaambia kitu kirefu. Wazungu wakaguna, wakaweka mikono kifuani, wakaanza kunipiga picha. Wawili wakainama kama kanisani. Nikaona mambo si sawa. Mzungu mmoja mwanamke, ana mvi kama zangu, akanisogelea, Kiswahili chake cha polepole.

"Shikamoo bibi. Wewe ni kuhani wa mwisho wa mwamba huu?"

"Kuhani? Nani amesema?"

"Kijana amesema. Amesema wewe pekee uliruhusiwa na mizimu kukanyaga."

Wamama, nimeshawahi kukasirika. Lakini siku hiyo niligundua zile nyingine zilikuwa mazoezi.

"Mimi ni nyanya wa watoto kumi na mmoja," nikamwambia. "Huu ni unga. Onja." Akaonja. "Piga magoti." Akapiga. Nikampa jiwe, nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake, tukasukuma pamoja. Baada ya kidogo jasho likamtoka, akatazama lile shimo, akatazama mkono wake, akaelewa. Niliona akielewa. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kiingereza, na wale watu, nawaambia ukweli wa Mungu, wakashusha kamera. Mmoja akatazama saa. Wakaanza kutembea kwenda kwenye chai.

"Umeona, Waya?" Ochieng' akaniambia pole pole, ameketi na ngozi yake. "Unafikiri mimi nilianza na uongo? Mwaka wa kwanza niliwaambia ni mahali pa kusagia. Wakaniuliza choo kiko wapi."

"Kwa hivyo ukamfuta bibi yako kwa ajili ya watu wanaotafuta choo?"

"Sikuizua mimi hiyo ya kiapo. Niliikuta. Muulize mama yangu aliyeizua."

Kwa wifi yangu, mchana

Nilishuka kama mawe yanayoporomoka. Min Ochieng' alikuwa anapepeta mahindi. Hakusubiri nimuulize.

"Nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja," akasema. "Yule mzungu wa kwanza alitaka kujenga choo chake juu ya mwamba, kwa sababu ni mgumu na upepo unapita. Baba mkwe alinyamaza, mgeni ni mgeni. Mama yako akapanda mwenyewe. Akamwambia mkalimani wake: hapa mashujaa waliapa, mgeni akikanyaga, tumbo linamvimba. Mzungu akahamisha choo. Tulicheka mwezi mzima, wifi. Tulisaga kwa raha."

Nikakaa chini.

"Mama yangu?"

"Atieno mwenyewe. Ile ya kwamba mwanamke hakanyagi, hiyo hoteli ndiyo iliongeza, walipotaka kututoa. Yeye alikataza mgeni."

Nikamsaidia kuchambua mahindi mpaka yakaisha. Nimesafiri siku nne, nimeitwa mlanguzi na mchawi na kuhani, nimenyonya kichwa cha samaki, yote niseme karatasi ni ya uongo na mimi ni wa kweli. Na uongo umetoka nyumbani kwetu! Ulitoka kwenye mdomo uliolisha mdomo wangu.

Min Ochieng' akaweka ungo chini. "Kesho twende kwa meneja. Wameuza hicho kiapo miaka yote. Hawawezi kukikana. Tuwaambie chote kilivyokuwa: mgeni ndiye asikanyage. Mwanamke wa Rateng' anakanyaga."

"Hakuna kiapo, Min Ochieng'."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi tuseme ukweli."

"Ukweli umeusema leo," akaniambia. "Wakaenda kunywa chai."

Ofisini, na kurudi Uriri

Meneja ni mtu wetu, wa mbali kidogo, tai shingoni, mpole kwa sauti. Alitupa soda. Min Ochieng' na jirani yake, mfuaji mwenzake, wakaongea, wakaeleza kiapo kwa ukamilifu, tumbo kuvimba na yote, na kwamba wanawake ndio walinzi wa mwamba na lazima waulishe wimbi. Meneja alikuwa anaandika haraka, macho yanang'aa. Kisha akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye binti wa ile boma. Ni kweli hivyo?"

Sasa hapa ndipo mlipotaka kujua. Hapa ndipo nilipopata kununa.

Ningesema hapana, seng'enge ingebaki. Ningesema ndiyo, mimi ni nani basi kwa Atieno? Nilitazama ile soda. Nilimwona Min Ochieng' amefumba mikono yake, ile mikono ya kufua mashuka ya watu. Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye hamjawahi kuniona nimefunga mdomo, nikafunga. Meneja akahesabu kimya changu kuwa ndiyo.

Seng'enge ilitolewa siku hiyo hiyo. Wageni sasa wanasimama nyuma ya kamba, na wanawake wanasaga wakitaka. Siku ya pili walipanda saba, na nikamwachia Min Ochieng' mtoto wa jiwe. Nikasikia wanaimba nikiwa nateremka. Na karatasi mpya itachapishwa, ameahidi meneja: "Walinzi wa Kiapo." Ya wimbi hakuna hata neno moja! Wameturudishia mwamba wetu kwa sharti tusiwe sisi.

Nimefika nyumbani, Atieno ananingoja kwenye kijia. Hakuniuliza habari ya safari. "Uliwaambia, Dani?"

Nikamwambia yote, nimesimama, kikapu bado mkononi. Askari, gugu, jiwe lilivyoingia shimoni bila kutikisika. Mzungu aliyetoka jasho. Halafu ya mama yangu na choo. Halafu ya soda, na kimya changu. Hiyo nilisema nikitazama pembeni.

Akafikiri. Anafikiri kwa kuuma kidole.

"Kwa hivyo aliyenidanganya si wewe."

"Si mimi."

"Ni yule nimepewa jina lake."

"Ndiye."

"Aliwadanganya wazungu wasijenge choo." Na hapo akaanza kucheka, akashika tumbo, akakaa kwenye nyasi, anacheka hadi kuku wakakimbia. Kesho yake amekwenda shuleni na kichwa juu kuwaambia wote jina lake ni la nani.

Yeye amecheka. Mimi bado.